Mpunga Uliomsubiri Mgeni

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Nina watoto watatu katika shule za serikali, mke anayetibiwa hospitali ya serikali, na mimi mwenyewe, Karani Chambuso, nimeajiriwa na serikali, kwa hiyo sijaona faida ya kutaja majina. Itoshe kujua kwamba ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina bonde moja kubwa la mpunga. Katika bonde hilo mimi ndiye ninayeandika matangazo ya Skimu ya umwagiliaji kwa kalamu ya wino mzito na kuyabandika kwenye ubao nje ya ofisi. Mwandiko wangu ni mzuri. Waziri aliwahi kuusifu mbele ya watu.

Mwaka ninaousimulia, nchi yetu ilikuwa ya tisini na sita katika orodha ya nchi zinazolima mpunga duniani. Ya tisini na tano, kwa maelezo tuliyopewa, ni nchi ya jangwa yenye mzee mmoja anayeotesha mpunga kwenye beseni. Jambo hili lilimnyima usingizi Waziri wetu wa Mpunga, Mheshimiwa Daktari Injinia Lumelezi. Nasema Waziri wa Mpunga kwa sababu ukishakobolewa ukawa mchele una waziri mwingine, na ukipikwa ukawa wali una waziri wa tatu, na hao watatu hawaamkiani.

Mheshimiwa akaamua kwenda kujifunza kwa wanaoongoza. Alifuatana na ujumbe wa watu arobaini: makatibu, wapiga picha, mkewe, shemeji zake, na mpishi, kwa kuwa alisikia huko nje wali hautiwi nazi. Alikuwamo pia mkulima mmoja, lakini pasipoti yake ilichelewa na mpaka leo inachelewa. Wakaenda India, wakaenda Uchina, wakapita Bangladeshi, Indonesia, Vietinamu na Thailandi. Walirudi baada ya miezi miwili, wamenenepa, tukakusanywa uwanjani kuelezwa walichojifunza.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "nimekwenda, nimeona. Wenzetu wana maji ya kutosha. Wana mbegu. Wana mashine za kuvunia. Wana maghala, na wana barabara mpaka jarubani. Hivyo vyote sisi hatuna, kwa hiyo sitawapotezea muda kuvieleza."

Tulipiga makofi.

"Lakini liko moja kubwa kuliko yote hayo. Kila nchi niliyofika, wakati wa kuaga niliwaambia wenyeji, 'Na nyinyi karibuni kwetu.' Na wote, ndugu zangu, wote walinijibu, 'Asante, tutakuja.' Wanakuja! Wakuu wa mpunga wa dunia wanakuja kuona mpunga wetu!"

Mtu yeyote aliyelelewa na mama yake anajua kwamba "tutakuja" ni namna ya kufunga mlango bila kuubamiza. Mimi nililelewa na mama yangu. Ila siku ile nilikuwa nimekaa safu ya mbele, mpiga picha alikuwa amenielekea, nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha.

* * *

Sasa nimtaje Bi Siwatu, maana habari hii ni yake. Ni mjane wa miaka sitini na kitu, ana ekari moja na robo ng'ambo ya mfereji mkuu, mahali ninapopaona nikiwa nimekaa mezani kwangu. Katika bonde zima yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado analima mpunga wa zamani uitwao Siri ya Kawa. Ukiupika, hata ukiufunika kwa kawa tatu, jirani wa nyumba ya nne atakuja kukuuliza habari za asubuhi, na atakaa. Sisi wengine tuliuacha tulipoletewa mbegu za wizara, ambazo huzaa vizuri sana zikipata vile vitu ambavyo hatuna. Bi Siwatu aliirithi mbegu yake kwa mama yake, naye kwa mama yake. Kila mavuno alichagua masuke bora, akayapura kwa mkono, akajaza debe moja la kupanda na debe jingine la akiba, akayapandisha uchagani juu ya moshi wa jiko.

Debe la akiba la mwaka ule lilichukuliwa na ujumbe wa watu arobaini ili liwe zawadi kwa wenyeji wao. Nasikia halikufika. Katika nchi ya pili wajumbe walikumbuka nyumbani, mpishi akaomba kinu na mchi, mambo yakaishia hapo. Kwa hiyo Siri ya Kawa yote iliyobaki ilikuwa imesimama katika ekari moja na robo ya Bi Siwatu, nami nikiitazama ikigeuka rangi siku hadi siku.

Mwezi wa sita mpunga uliiva. Asubuhi moja tukanoa miundu. Asubuhi hiyohiyo Mheshimiwa akazungumza redioni.

"Nyinyi ni waungwana," alisema. "Mwungwana hafunui chungu mgeni akiwa njiani. Mkikata leo, wageni watakuta nini? Mabua? Subira yavuta heri. Hakuna kukata mpunga mpaka wageni wafike."

Kampeni ikaitwa Mgeni Njoo, jina likachapwa kwenye fulana. Ili kutusaidia kusubiri, miundu yote ya bonde ilikusanywa, ikapigwa namba, ikafungiwa mahabusu katika kituo cha polisi. Walevi wawili waliachiwa ili ipate nafasi, na hao ndio watu pekee ninaowajua walionufaika na kampeni ile. Tangazo niliandika mimi. Bado gundi haijakauka, Bi Siwatu akafika ubaoni.

"Mwanangu Chambuso, hebu nisomee."

"Linasema mpunga usikatwe mpaka wageni wafike, Bi Siwatu."

"Wageni gani?"

"Wakuu wa mpunga wa dunia."

"Wanafika lini?"

"Hilo Waziri hawezi kuwauliza. Mgeni haulizwi anafika lini."

Alikuwa mtu wa adabu, na hapo adabu ilimbana. "Ni kweli, haulizwi," alisema. "Lakini mpunga nao ukipitiliza kuiva unapukutika. Waandikie wajue."

Niliwaandikia, tena kwa herufi kubwa. Jibu lilikuja baada ya siku nane, lina mihuri miwili: "Mpunga uelimishwe umuhimu wa kusubiri." Bwana Makweta, Mkuu wa Bonde letu, akaunda kamati ya elimu. Ilizunguka na kipaza sauti siku tatu kwenye kingo za majaruba, ikiwahutubia wahusika.

* * *

Kisha kwelea wakaja.

Aliyewahi kulima mpunga hahitaji kuelezwa. Kwelea ni ndege mdogo, ukimshika anaenea kiganjani, ila haji peke yake. Dawa yake tunaijua tangu enzi za mababu: unajenga dungu katikati ya shamba, unapanda juu, unaamia. Unapiga debe, unapiga kelele, unarusha madongo kwa kombeo tangu alfajiri mpaka jua lizame. Wakati wa kuamia bonde letu huwa na kelele kuliko soko, na kelele hizo ndizo tunazokula mwaka mzima.

Bwana Makweta aliita mkutano. Ni mtu mwema, ana kisukari, na hajawahi kufanya uamuzi wowote katika maisha yake.

"Maelekezo kutoka juu ni haya," alisema, akisoma. "Mosi, madungu yabomolewe, wageni wasije wakadhani ndizo nyumba zetu. Pili, kelele zikome. Mgeni hakaribishwi kwenye nyumba yenye kelele. Tatu, ujumbe ulipotembelea nchi zinazoongoza haukuona kwelea. Kwa hiyo nasi hatuna kwelea."

"Bwana Mkuu," alisema Bi Siwatu, "mmoja amekaa juu ya gari lako."

Sote tuligeuka. Walikuwa kama kumi na tano. Bwana Makweta naye aliwatazama, kwa huzuni, akakunja karatasi yake.

"Mimi siwaoni," alisema. "Na wewe, Bi Siwatu, nakuomba sana usiwaone. Nina watoto."

Madungu yakabomolewa. Watu walikaa kimya kwenye kingo, mikono mapajani, wakasikiliza mpunga wao unavyoliwa. Usiniulize kama mpunga ukiliwa unasikika. Unasikika.

Bi Siwatu hakukaa. Kwa kuwa sauti ilikatazwa, alivua khanga yake ya juu akawa anazunguka majaruba yake akiipunga hewani bila kutoa neno, asubuhi mpaka jioni. Siku ya tatu mgambo akamsimamisha.

"Unampungia nani?"

"Nafukuza ndege."

"Ndege hakuna. Mtu anayepunga khanga anaaga. Wageni hawajafika, wewe unawaaga? Unawatakia nini wageni wa nchi?"

Ikabidi avae khanga yake. Jioni alikuja ofisini, miguu imejaa tope hadi magotini, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa, jambo ambalo si kawaida yake.

"Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe," alisema. "Huyu hajafika hata siku moja, na sisi tumeshanyang'anywa mundu. Chambuso, sitaki mavuno. Mengine ndege na wayale. Nataka debe moja la mbegu, basi. Hata nusu debe. Nitafutie njia."

Nilimwambia nitaandika.

* * *

Wiki ya saba ya kusubiri, wizara iliagiza tufanye mazoezi ya mapokezi. Kwa kuwa mapokezi hayafanyiki bila mgeni, Bwana Makweta aliteuliwa kuwa mgeni wa majaribio. Alivishwa taji la maua, akashushwa kwenye gari mara nne mpaka aliposhuka ipasavyo, akapigiwa ngoma, akalishwa. Mara zote nne alilishwa, na sukari ikampanda.

Bi Siwatu alisubiri amalize kula. Akamsogelea, akapiga goti kidogo.

"Mgeni, karibu."

"Asante, mama, nimekaribia."

"Basi kama mgeni amefika, naomba turuhusiwe kukata."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja aliona kwamba pale palikuwa na mlango. Bwana Makweta akajifuta jasho.

"Mimi ni mgeni wa majaribio tu, Bi Siwatu. Kwa mgeni wa majaribio naona unaweza kukata mavuno ya majaribio."

"Nakubali. Kiganja kimoja kinanitosha."

Namshukuru Bwana Makweta kwa dakika ile. Nadhani alitaka kweli. Lakini alipofika kwenye simu akakumbuka kisukari chake na watoto wake, akauliza juu. Wakamjibu kwamba mavuno ya majaribio yaendelee mara moja, bila miundu na bila mpunga.

Tuliyafanya kesho yake. Watu mia mbili waliingia majarubani wakainama kwa mistari, wakashika hewa kwa mkono wa kushoto, wakakata hewa kwa mkono wa kulia, wakafunga miganda isiyokuwapo na kuibeba kichwani hadi barabarani. Kamera zilipiga picha. Mpunga halisi uliokuwa umebaki ulikuwa unagusa mapaja yao, na ulikatazwa kuguswa kwa mikono. Bi Siwatu alipewa mstari wa mbele kwa sababu ndiye aliyeinama vizuri zaidi. Alipopita karibu nami alipunguza mwendo. Suke moja la Siri ya Kawa lilikuwa limeegemea ukingo kabisa, punje bado ziko, hatua mbili kutoka kiatu changu. Alilitazama, akanitazama. Kulikuwa na mgambo mmoja tu, tena alikuwa anatazama kamera.

Mimi nilitazama karatasi zangu. Hazikuwa na kitu kipya. Ndugu msomaji, niliona aibu, na mpaka leo naiona.

* * *

Mvua ikanyesha bila majira, usiku na mchana, siku tano. Mpunga uliobaki ukalala. Wizara ikasema mpunga uliolala ni utovu wa adabu mbele ya mgeni, ikatuletea kamba za rangi za bendera tuusimamishe, bua moja moja. Tuliusimamisha. Siku mbili baadaye zile punje chache zilizokuwa bado kwenye masuke zikaanza kuchipua hukohuko juu, kijani kibichi, zikaoza. Kwelea ambao hawakuwapo wakamaliza yaliyosalia, wakaondoka bila kuaga. Bondeni yalibaki mabua yaliyofungwa utepe.

Wiki hiyo ndipo barua ilipofika kutoka kwa mmoja wa wenyeji wa Mheshimiwa huko ng'ambo. Alishukuru kwa kutembelewa, akasema mmoja wa wajumbe alisahau koti hotelini, akauliza walitume wapi. Habari za kuja hakuzitaja. Mheshimiwa aliisoma barua nzima redioni, sauti ikimtetemeka kwa furaha.

"Mgeni ameanza kutuma mzigo!" alisema. "Mtu hatangulizi mzigo mahali asipokwenda."

Lakini nchi nzima ilikuwa na njaa, na njaa haijui kampeni. Waziri wa Mchele, ambaye alikuwa amesubiri miaka mingi kumwona mwenzake akianguka, aliagiza mchele nje. Meli ilileta magunia elfu kadhaa kutoka nchi mojawapo ya zile zinazoongoza. Wakati yanashushwa, Mheshimiwa Lumelezi alifika bandarini na ngoma na taji la maua. Alisoma jina la nchi lililochapwa kwenye gunia la kwanza, akalivika gunia taji, akageukia kamera.

"Nilisema watakuja," alisema. "Wamekuja."

Ndivyo wageni walivyofika. Saa hiyohiyo marufuku ya kukata mpunga iliondolewa nchi nzima. Miundu ikatolewa mahabusu na kila mtu akaitiwa wake kwa namba. Wa Bi Siwatu ulikuwa namba mia moja na kumi na nne. Aliupokea, akausugua kutu kwa jiwe pale mlangoni pa kituo, akaenda moja kwa moja shambani. Nilimwona kutoka mezani kwangu. Alizunguka jaruba moja, akazunguka la pili, anainama, anapekua mabua, anainuka. Alikuwa huko mpaka adhuhuri. Kisha alikaa ukingoni akauweka mundu mapajani.

* * *

Sherehe ya kuwakaribisha magunia ilifanyika uwanjani petu, kwa heshima ya bonde. Wanawake waliitwa kuchagua mchele kabla haujapikwa. Bi Siwatu alikuja na ungo wake, akakaa nao chini ya turubai.

Anayechagua mchele hutoa mawe, na hutoa chuya, zile punje ambazo mashine ilizipita zikabaki na maganda yake. Mchele ule ulikuwa safi, chuya zilikuwa chache mno. Wenzake walizitupa pembeni, zikaliwa na kuku. Bi Siwatu hakutupa. Kila alipoipata moja aliigeuza kwenye mwanga, akaibonyeza kwa ukucha kuona kama imevunjika, akaiweka kwenye pindo la khanga na kufunga fundo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilielewa, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne moyo wangu ulifurahi.

Bwana Makweta naye alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Anafunga nini yule?"

"Chuya, Bwana Mkuu. Uchafu tu."

"Chuya ina ganda?"

"Inalo."

"Chenye ganda si mchele," alisema polepole, na uso ukaanza kumng'aa. "Chenye ganda ni mpunga. Chambuso! Bonde lina mpunga! Waziri ananiuliza kila siku mavuno yetu ni kiasi gani, nakosa la kumjibu. Nenda kachukue."

Ningeweza kusema sikusikia. Ngoma zilikuwa zinalia. Nilikwenda. Nilichuchumaa mbele ya Bi Siwatu nikamweleza, naye alinisikiliza bila kunikatiza, mkono umefumbata fundo.

"Si mbegu yangu hii, Chambuso," alisema. "Sijui hata ni ya nchi gani. Labda haina harufu. Labda haitapenda maji yetu. Lakini ingeota."

"Najua, Bi Siwatu."

"Niachie moja."

Ningependa kuwaambieni kwamba nilimwachia moja. Mmeshanijua. Alifungua fundo mwenyewe ili nisilivute, akazimimina kiganjani mwangu, punje kumi na tisa.

Mheshimiwa alifurahi sana. Alitangaza redioni kwamba bonde letu limevuna licha ya changamoto, idadi hakuitaja. Zile punje zikawekwa kwenye kisanduku cha kioo ofisini kwangu, juu ya kitambaa chekundu, ili wageni wengine watakapofika wasikute nyumba tupu, maana zile nchi nyingine nazo zilisema zitakuja. Niliambiwa niandike tangazo, nikaandika, nikalibandika juu ya kioo.

Bi Siwatu alikuja wiki iliyofuata. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza, majaruba yake yamejaa maji, na hakuwa na kitu cha kuyatia. Aliinama akazitazama punje zake kwa muda mrefu.

"Hebu nisomee, mwanangu."

"Linasema mpunga huu usiguswe mpaka mgeni afike."

"Anafika..." alianza, akaishia hapo. Akajifunga khanga yake vizuri kiunoni. "Samahani. Mgeni haulizwi."

Akaniaga, akatoka nje, akaingia mvuani.